Mtihani wa India si Dawa ya Kujuana Kwetu

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi ilinibana. Leo narudi na hasira kidogo, mnisamehe. Waliokuja kutafuta masuala ya hifadhidata warudi wiki ijayo.

Kila Kenya inapopata kashfa ya ajira serikalini, lazima mtu aniletee dawa ile ile: tufanye kama India. Safari hii ni rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya upili. Kaniandikia barua pepe ndefu. Wekeni mtihani mmoja, anasema, mgumu, nchi nzima. Mtoto wa waziri na mtoto wa mama mboga wakae ukumbi mmoja, karatasi isiwe na jina, atakayefaulu achukuliwe. Kwisha maneno. Kisha akaniuliza mbona sisi watu wa kompyuta hatulipigii debe jambo hili, wakati ni wazi kwamba mashine haina kabila.

Ndugu yangu, nilikuahidi jibu. Hili hapa, na si fupi.

Naanza kwa kukubali. Ugonjwa upo na ni mkubwa. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 232, inataka ajira za umma zitolewe kwa ustahili na ushindani wa haki. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma yenyewe ilitoa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi, na vyeti zaidi ya 2,000 vikaonekana kuwa ghushi. Watu hao walikuwa na meza, walikuwa na mishahara, na wengine nadhani walikuwa na madereva.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilipomaliza chuo niliitwa mahojiano katika ofisi moja ya umma, sitaitaja. Nilifika saa moja asubuhi na bahasha yangu ya vyeti. Mtu wa mapokezi akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza: "Umetumwa na nani?" Nikamwambia sijatumwa na mtu, nimeona tangazo gazetini. Akashangaa kweli kweli, si kwa dharau. "Sasa kijana, kama hujatumwa, umekuja kufanya nini?" Nilifanyiwa mahojiano ya dakika nne. Hawajanijibu mpaka leo.

Kwa hiyo sibishani na mtu anayetaka haki. Nabishana na mtu anayeiona picha ya mshindi wa India amevikwa mashada ya maua akidhani ameona mtihani wote. Hajauona. Sehemu kubwa ya mtihani ule haifanyiki ukumbini. Inafanyika katika vyumba vidogo vya kupanga, kwa miaka, na huko ndiko ninakotaka nikupeleke.

Tuanze na namba, maana namba ndizo kazi yangu. Mtihani wa utumishi wa umma wa India huendeshwa na tume yao iitwayo UPSC kila mwaka, kwa duru tatu. Ya kwanza ni mchujo: karatasi mbili za kuchagua majibu, siku moja. Ukikosea jibu unanyang'anywa thuluthi moja ya alama za swali hilo. Ya pili ni ya kuandika: karatasi tisa, mbili za lugha ambazo unatakiwa kupita tu, na saba zinazohesabiwa, alama 250 kila moja. Ya tatu ni mahojiano, alama 275. Jumla ni 2,025.

Mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa 992,599. Waliotokea siku ya mchujo walikuwa 583,213. Waliovuka kwenda duru ya pili, 14,627. Walioitwa mahojiano, 2,845. Waliopendekezwa kuajiriwa, 1,009. Na katika hao, nafasi za ile huduma ya IAS ambayo kila mzazi anaiota, inayozalisha wakuu wa wilaya na makatibu wa wizara, zilikuwa 180 tu.

Soma tena mstari huo, polepole.

Sasa hesabu yangu. Tuwatupe nje watu zaidi ya 568,000 walioanguka kwenye mchujo. Tuseme wote walikuja kujaribu bahati, hawakusoma hata ukurasa mmoja. Si kweli, lakini nampa rafiki yangu punguzo. Wamebaki 14,627. Kila mmoja mpe miaka miwili tu ya kujiandaa. Hilo nalo ni punguzo, kwa sababu mtu wa kundi la jumla anaruhusiwa kujaribu mara 6 mpaka afikishe miaka 32, na wengi huzitumia nafasi hizo. Mara mbili ni miaka 29,254. Gawanya kwa 1,009.

Unapata miaka 29. Miaka 29 ya maisha ya watu kwa kila afisa mmoja anayeajiriwa. Afisa akiingia ana miaka 27 na akistaafu ana 60, atafanya kazi miaka 33. Yaani kabla hajafungua faili la kwanza, nchi imeshachoma miaka karibu sawa na yote atakayoitumikia. Na hiyo ni baada ya kuwasamehe wale 568,000.

Gharama hii hutaiona kwenye bajeti yoyote. Hailipwi na hazina ya serikali. Inalipwa na baba aliyeuza kipande cha shamba.

Kuna mwenzangu mmoja tuliyefanya naye kazi miaka miwili kwenye mfumo wa malipo, yeye akiwa Bengaluru, mimi Nairobi. Anatoka Bihar, kwao ni wakulima. Alikuwa mzuri sana katika kazi, lakini nilishangaa kwamba ana miaka 31 na uzoefu wa mtu wa 24. Siku moja, seva ikiwa imelala na sisi tunasubiri, akanieleza. Alijaribu mara zote 6. Aliacha kazi akiwa na miaka 22, akahamia Delhi, akapanga chumba ambacho akinyoosha mikono anagusa kuta mbili. Kila asubuhi saa tatu nzima za gazeti la The Hindu, kwa kalamu. Vitabu vya shule za serikali, darasa la 6 mpaka la 12, upya, yeye mhandisi mwenye digrii. Kitabu cha Laxmikanth cha siasa na katiba mara nyingi mpaka anajua jedwali gani liko ukurasa gani. Kwa somo la hiari akachukua anthropolojia, si kwa kuipenda bali kwa sababu ilisemekana inatoa alama.

Mara mbili alifika mahojiano. Mara mbili jina halikuwapo kwenye orodha.

Nilimuuliza nini kilimuuma zaidi. Nilidhani atasema kushindwa. Akasema ni simu za nyumbani. Mwaka wa kwanza mama yake alikuwa akimuuliza amesoma nini leo. Mwaka wa nne alikuwa anamuuliza amekula nini tu.

Sasa rafiki yangu atasema, basi mwenzako hakuwa na uwezo. Ndiyo maana ya mashindano. Hapa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu hii ndiyo imani yenyewe inayouzwa: kwamba orodha ile inatenganisha wenye uwezo na wasio nao.

Mwaka huo wa 2024, mtu wa kwanza nchi nzima alipata alama 1,043 kati ya 2,025. Kiwango cha chini cha kuingia kwa kundi la jumla kilikuwa 947. Tofauti kati ya bingwa wa taifa na wa mwisho wa kundi hilo ni alama 96. Hizi si hesabu za moja jumlisha moja. Ni insha na maelezo, kuandika saa tatu kila karatasi mpaka vidole vinakauka. Tuseme msahihishaji mwadilifu, ambaye amelala vizuri na chai amekunywa, anaweza kukosea alama 10 juu au chini kwenye karatasi ya alama 250. Atakayebisha hajawahi kusahihisha insha. Karatasi ni saba. Makosa yasiyotegemeana hujumlishwa kwa vipeo vya pili, kwa hiyo chukua kipeuo cha pili cha 7, ambacho ni kama 2.65, zidisha kwa 10. Una kosa la alama 26 hivi, juu au chini, na hatujafika kwenye mahojiano, ambako jopo moja hucheka na jingine hununa.

Alama 26 za kubahatisha, kwenye uwanja wa alama 96, wenye watu 2,845 waliobanana kama abiria wa matatu ya jioni. Aliyepata 950 na aliyepata 935 ni mtu yule yule. Mmoja anapelekwa chuo cha maafisa kule Mussoorie, mwingine anarudi Bihar kueleza wajomba.

Hii tayari ni bahati nasibu. Tofauti yake na bahati nasibu ya kawaida ni kwamba tiketi yake inauzwa kwa miaka saba ya ujana, na aliyeshinda anaambiwa ameshinda kwa akili.

Katika kazi yetu ya kuandika programu tunalijua kosa hili kwa karibu. Unaandika majaribio ili kuhakikisha programu ni nzima. Halafu mtu anaandika programu ya kupita majaribio yale na si zaidi. Taa zote kijani. Unaipeleka kwa mteja, inaanguka asubuhi ya kwanza. Na sisi si wasafi, tusijidanganye. Mwaka 2017 nilitumia miezi minne usiku nikifanya mafumbo ya programu ili nifanyiwe mahojiano na kampuni moja ya nje. Nilijua kupindua kila aina ya mti, waliosoma kompyuta wananielewa. Nikafaulu. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kutafuta kwa nini ripoti inaruka siku moja kila mwisho wa mwezi. Ilikuwa ni saa za Nairobi na saa za London kutoelewana. Hakukuwa na mti wowote wa kupindua. Mafumbo yale nimeshayasahau yote, na miezi ile minne hakuna wa kunirudishia.

Minne tu. Zidisha mpaka ifike saba, kisha badilisha miezi iwe miaka.

Na penye miaka ya watu wanaotamani kitu kimoja, biashara haikosi. Delhi ina mitaa mizima inayoishi kwa mtihani huu: Old Rajinder Nagar, Mukherjee Nagar. Vituo vya tuisheni, vyumba vya kupanga, vibanda vya kutoa kopi za nukuu, maktaba za kulipia kiti kwa mwezi. Matokeo yakitoka, mabango yanajaa nyuso za washindi, na uso mmoja utaukuta kwenye mabango ya vituo kadhaa. Mmoja alimfundisha mwaka mzima, mwingine alimfanyia mahojiano ya majaribio asubuhi moja, wote wanadai ni mtoto wao. Mamlaka ya India ya kuwalinda wateja imevitoza faini vituo kadhaa kwa matangazo ya kupotosha ya aina hii.

Tarehe 27 Julai 2024 mvua kubwa ilinyesha Delhi. Pale Old Rajinder Nagar maji ya barabarani yakavunja na kuingia maktaba iliyokuwa chini ya ardhi katika kituo kimoja. Chumba hicho kilikuwa kimeidhinishwa kwa maegesho na stoo, si kwa kukalia watu. Watahiniwa watatu walikufa maji, wasichana wawili na mvulana mmoja. Walikuwa wamekwenda kusoma. Mwaka mmoja kabla, Juni 2023, moto ulizuka katika jengo la tuisheni Mukherjee Nagar, na dunia ikaona picha za wanafunzi wakishuka kutoka madirishani kwa nyaya. Mwezi Agosti 2024 mahakama ya juu kabisa ya India ilisema vituo hivi vimekuwa vyumba vya mauti.

Usiniambie hayo ni ya Delhi. Sisi ni nchi iliyokuwa na KCPE mpaka 2023. Tunajua mtoto wa miaka 13 anavyoamshwa saa kumi usiku kwa ajili ya moki. Tulipiga tuisheni za likizo marufuku kwa sheria mwaka 2013, na tuisheni zikabadilisha jina zikaendelea. Mwezi Machi 2016 bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa baada ya karatasi za KCSE za 2015 kuvuja ovyo. Sasa chukua kiu hiyo hiyo, iongezee mshahara wa serikali, pensheni na gari la buluu, halafu uniambie kwamba Ngara na Roysambu hazitajaa vyumba vya chini ya ardhi.

Na nani atakayekaa ndani ya vyumba hivyo? Si mtoto wa mama mboga, ndugu yangu. Mtoto wa mama mboga akimaliza chuo anatakiwa alipe karo ya mdogo wake Januari inayofuata. Hawezi kukaa miaka mitatu bila mshahara akisoma gazeti kwa kalamu. Mtoto wa waziri anaweza. Hatakuwa amemhonga mtu, hatakuwa ametumwa na mtu, karatasi yake haitakuwa na jina. Atakuwa na kitu kimoja tu ambacho mwenzake hana: muda wa kulipiwa. Kisha atapita kihalali kabisa, na sisi hatutakuwa tena na la kusema. Afadhali kashfa kuliko dhuluma yenye cheti!

Hapana, hilo la mwisho nimelisema kwa hasira. Kashfa si afadhali. Lakini umenielewa.

Kuhusu mashine kutokuwa na kabila, hata wenyewe India hawaamini hivyo. Wametenga nafasi kwa makundi yaliyonyimwa kwa karne nyingi, na makundi hayo yana nyongeza ya umri na ya idadi ya kujaribu. Walifanya hivyo kwa sababu historia ya mtihani huu iliwafunza. Mtihani wa ushindani wa kuingia utumishi wa India ulianza 1855, London. Ulikuwa wazi kwa kila raia wa himaya, kwenye karatasi. Ila Mhindi alitakiwa kupanda meli mpaka Uingereza kuufanya. Satyendranath Tagore alifaulu 1863, wa kwanza. Wengine walipoanza kumfuata, umri wa juu wa kuingia ukapunguzwa katika miaka ya 1870 mpaka 19. Hakuna aliyeandika popote kwamba Wahindi hawatakiwi. Waligeuza tarakimu mbili tu. Mtihani huo haukuanza kufanyika India kwenyewe mpaka 1922. Mimi nashinda na tarakimu kama hizo kila siku, na nakuhakikishia hakuna mahali rahisi pa kuficha ubaguzi kama kwenye kigezo kimoja kidogo ambacho hakuna anayekisoma.

Na lugha? India wana lugha 22 zilizotajwa kwenye katiba, na duru ya pili unaweza kujibu kwa yoyote kati ya hizo. Vizuri. Lakini maswali yanachapwa kwa Kihindi na Kiingereza tu. Mwaka 2011 walipoongeza karatasi ya upimaji wa akili, waliosoma kwa Kihindi walilalamika kwamba inawabeba wahandisi na watoto wa shule za Kiingereza, na tafsiri ya Kihindi ilikuwa ya kuchekesha. Mwaka 2014 wakaingia barabarani Delhi. Alama za ufahamu wa Kiingereza zikaondolewa hesabuni mwaka huo, na mwaka uliofuata karatasi nzima ikawa ya kupita tu. Mtihani wetu ungeandikwa kwa lugha gani? Katiba yetu inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Jibu unalijua hata hivyo.

Haya. Mtu akipinga bila kupendekeza ni kelele tu, kwa hiyo nasema ninachotaka.

Kuna vitu vya India navitaka, na navitaka kesho. Karatasi isiyo na jina. Mtaala unaojulikana. Alama za kila aliyeajiriwa kutangazwa hadharani, na kiwango cha mwisho kutangazwa. Tarehe ambazo hazibadiliki kwa sababu mkubwa fulani yuko safarini. Majirani zetu Tanzania wana sekretarieti ya ajira inayochuja waombaji kwa mtihani wa kuandika, na hata hivyo mwezi Juni 2014 Idara yao ya Uhamiaji iliwaita watu zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70. Picha za siku ile sijazisahau. Kwa hiyo siwadharau wanaopanga foleni vizuri.

Lakini mtihani uwe kizingiti, si ngazi. Upime kazi yenyewe: mpe mtu faili la malalamiko ya maji ya kijiji, bajeti yenye kosa, barua ya kuandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, saa nne. Uwe wa kiwango ambacho mhitimu mzuri aliyejiandaa wiki sita akiwa kazini anaweza kuuvuka. Kila mtu ajaribu mara mbili maishani, basi. Halafu wote waliovuka wapigiwe kura.

Ndiyo, kura. Bahati nasibu. Nasikia mayowe.

"Utaajiri wajinga!" Wajinga wameshabaki nyuma ya kizingiti. Kama hukiamini kizingiti chako, kipandishe. Ninachokataa ni kujifanya kwamba zaidi ya hapo tunaweza kutofautisha mtu wa 1,009 na wa 1,010. Hatuwezi, nimekuonyesha hesabu. Uholanzi kwa miaka mingi iligawa nafasi za kusomea udaktari kwa kura baada ya vigezo vya masomo, na wagonjwa wao hawakuisha kwa hilo. Na Wakenya wangapi wamewahi kujaza fomu ya kura ya kwenda Marekani bila kuona ni matusi kwa akili zao?

"Watu hawatakuwa na bidii." Bidii gani, ya kukariri kurasa za Laxmikanth? Mwenzangu wa Bihar alikuwa na bidii ya kuendesha wilaya mbili. Ilikwenda kwenye kuta za chumba. India yenyewe imeanza kuona aibu kidogo: tume yao sasa ina mpango wa kuwapa waajiri wengine taarifa za waliofika mahojiano wakakosa nafasi, wakiridhia. Yaani wanakiri kwamba waliowaacha ni wazuri. Basi mtu mzuri mwambie mapema, akiwa na miaka 23, kwamba kura haikumwangukia na si kosa lake. Ataamka kesho atafute kazi nyingine. Ukimwambia ni kosa lake, atarudi mwakani, na mwaka unaofuata.

"Wataiba kura." Hapo ndipo umefika nyumbani kwangu, karibu chai. Kura ya watu wachache chumbani huibwa, ndiyo. Kura ya hadharani ni kitu kigumu sana kuiba kuliko insha au mahojiano. Agosti 2022 tume yetu ya uchaguzi iliweka fomu za 34A mtandaoni, na watu wakazipakua na kujumlisha wenyewe, mezani kwao. Fanya vivyo hivyo. Orodha ya waliovuka, kwa namba zao za mtihani, itangazwe na kufungwa, na alama ya utambulisho ya faili hilo ichapishwe magazetini ili mtu akigeuza hata herufi moja ionekane. Gawa nafasi kwa kaunti kabla ya kura kama sheria inavyotaka uwakilishi. Wiki moja baadaye, mbele ya kamera, watahiniwa kumi waliochaguliwa na wenzao warushe dadu, kila mmoja mara tano. Tarakimu hizo 50 ndizo mbegu ya programu. Hakuna aliyezijua orodha ilipofungwa. Kila mwenye kompyuta, au mwenye simu, aweza kuweka mbegu ile ile kwenye orodha ile ile na kupata majina yale yale. Akipata tofauti, apige kelele.

Programu hiyo nimeiandika jana usiku. Ni mistari 14 ya Python, na miwili kati yake ni maoni. Nimeijaribu kwa orodha ya namba 14,627 za kubuni, nafasi 1,009, na kwenye mashine yangu hii nzee inamaliza kabla sijainua kidole kutoka kwenye kitufe. Nitaiweka hapa Jumamosi umeme ukiwepo. Mwenzangu wa Bihar ameshaiona. Amenirudishia kosa moja kwenye mstari wa tisa, nilikuwa nahesabu kuanzia moja badala ya sifuri, na mtu wa mwisho kwenye orodha asingechaguliwa kamwe.